Kanada ya nyumbani kwetu

Jumanne

Na bado maneno ya binti yangu Rehema yananikera.

Ana kazi ya shule kuhusu uhusiano wa Tanzania na Uingereza. Nilimweleza kwamba tuliwahi kuuvunja kwa sababu ya Rhodesia, na Kanada ikawa inawaangalizia Waingereza mambo yao kule Dar.

"Kwa hiyo mimi ndiye Kanada," akasema kwa Kiingereza chake, bila hata kuinua macho. "Kati yako na mama mkubwa."

Dada yangu anakaa mtaa wa Alum Rock, hapa hapa Uingereza, basi moja tu kutoka kwangu. Tangu Idi hatusemezani. Salamu na chakula anapeleka mtoto. Kilichoniudhi ni kwamba hakukosea.

Nina wasiwasi dada hatanifungulia mlango. Lakini bakuli lake liko hapa, na bakuli la watu halirudi tupu. Kesho nitakaanga sambusa, nilipeleke mwenyewe.

Kanada ipumzike.