Mchanga wa Pwani kwenye Nguzo za Baba

Baba,

Amani iwe juu yako huko ulikolala. Mimi mwanao nimerudi Kengeja likizo. Mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi umekwisha, na kichwa kimenivurugika kuliko siku niliyoondoka.

Ulidhani nakwenda kufundishwa kujenga. Na mimi nilidhani hivyo. Mwaka mzima wa kwanza sikushika hata tofali. Hesabu tu, na boriti za kwenye karatasi, zinapinda wapi zikibebeshwa mzigo. Kisha udongo, barabara, maji yanavyopita ardhini. Ukimuuliza mwalimu swali, anakujibu, "Inategemea." Hebu niambie Baba, ndiyo elimu gani hiyo?

Lakini siku ya somo la zege alisema jambo moja bila kusita: mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na chumvi inakula nondo ndani kwa ndani. Nikaacha kuandika. Nikatukumbuka sisi wawili juu ya gari la ng'ombe, tunatoka pwani na mchanga wa nguzo zetu za mbele, wewe unaimba, unanambia, "Mchanga wa Mungu huu mwanangu, haununuliwi!" Nilikuwa na furaha siku ile. Bado ninayo, na ndiyo inayoniumiza.

Tangu ufariki, Ami Khamis, nduguyo, ameshika nia ya kukutimizia ghorofa uliyotaka juu ya nyumba yetu. Jumapili majirani wote wanakuja kumwaga zege. Nguzo mbili za mbele zina nyufa, na kutu inachuruzika. Ni hatari, au ni lipu tu iliyopasuka? Sijui. Vifaa vya kupimia viko chuoni. Nikisema wasijenge, watasema mtoto wa kike kasoma ili aje amuumbue babake kaburini. Nikinyamaza, Mama na wadogo zangu ndio watakaolala chini ya zege hilo.

Jana nilimwambia Mama. Hakubisha. Alinyanyuka, akaanza kuhamisha vitanda vya watoto kutoka chumba cha mbele. Ami yeye, nilipomwambia, amenuna, hata salamu yangu kaitikia kwa shida, lakini amekubali: Jumapili watu waje, nguzo zile mbili zivunjwe, zijengwe upya kwa mchanga uliooshwa.

Sijui kama nimepatia, Baba. Wallahi sijui. Ungekuwepo ungenigombeza, au ungecheka?

Kwaheri, Baba yangu mpenzi. Mungu akupe kauli thabiti. Nakuahidi hili moja: nyundo ya kwanza nitaipiga mimi. Sitaki mtu baki aanze kuivunja kazi yako.

Mwanao