Mawaridi Kumi na Moja ya Elsie

Wema, 2 Mei 1957

Kwa ndugu yangu Jotham,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana. Je, kifua kimepoa? Sisi hapa miili ni mizima, ila mto umetunyima raha.

Harusi ya binti yangu Elsie haikuwa Jumamosi kama nilivyokuandikia. Godhana wake alishuka na mtumbwi kwenda Ozi kuchukua nazi za karamu, na siku ile ile maji yakajaa. Watu wanasema amekwama huko kama wengine. Mchungaji amesogeza harusi mpaka mto upungue.

Shida ni maua. Ule mwaridi wa kanisani ulikuwa umechanua, na maji yamefika shinani. Juzi Elsie akayakata mawaridi yote, kumi na moja, na asubuhi yake mti wenyewe haukuwapo. Yamo ndani ya jagi, anayalinda kama kuku aliyeatamia. Wewe hapo hotelini kazi yako ni maua ya mezani. Tufanyeje yasinyauke kabla bwana harusi hajarudi?

Dada yako,
Asenath

*

Mombasa, 9 Mei 1957

Dada Asenath, shikamoo.

Kifua ni kizima, ahsante. Mpe pole mwanangu Elsie.

Naogopa barua hii itayakuta yamekwisha, lakini mwambie hivi. Akate ncha za mashina kwa kisu kikali, akate mshazari, na azikate zikiwa ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye shina. Majani ya chini ayatoe yote, maana jani likizama huoza na kuozesha maji. Maji ayabadilishe kila asubuhi na jagi alisugue. Sukari kidogo, kama ya kulamba. Asiyaweke karibu na ndizi mbivu. Sijui kwa nini, ila ndizi huyazeesha.

Akifanya yote hayo atapata siku saba, kumi kwa bahati. Zaidi ya hapo mimi sijapata kuona, na nina miaka sita katika kazi hii.

Mjomba wake na ndugu yako,
Jotham

*

Wema, 29 Mei 1957

Ndugu yangu Jotham,

Salamu nyingi. Natumai u mzima. Mimi sijambo, ila silali vizuri.

Barua yako ililetwa na lori mpaka Garsen, mtu akatuvushia. Godhana hajarudi. Mto umepungua, waliokwama wamerudi, yeye bado. Mtumbwi wake haujaonekana.

Maua yako vilevile. Leo ni siku ya ishirini na tisa, Jotham. Hakuna hata petali moja iliyoanguka. Mwanzoni majirani walikuja kuyatazama wakamsifu Elsie. Sasa hawaji, na wakipita mlangoni hupita upande wa pili.

Elsie anakula, anafua, anakwenda shamba. Ameniambia, "Mama, haya yakiwa mazima, na yeye yuko njiani."

Kuna jambo jingine. Elsie hutia maji ya mvua, ya kwenye pipa. Jana alipokuwa shamba nilichovya kidole nikaonja. Yana chumvi, Jotham, chumvi ya bahari. Na bahari iko wapi na sisi? Uliza wenzako wanaojua maua.

Dada yako,
Asenath

*

Mombasa, 6 Juni 1957

Dada yangu, shikamoo.

Keti kwanza kabla hujaendelea kusoma. Elsie asiwe karibu.

Maji ya chumvi huua waridi kwa siku moja. Hilo sikuhitaji kumwuliza mtu. Lakini nilikwenda kwa Swaleh, mpishi wetu, ambaye kwao ni Kipini na ametoka likizo, nikamwuliza habari za mafuriko. Akaniambia kwamba mwanzo wa Mei walimwokota kijana pale mto unapoingia baharini. Hakuna aliyemjua. Walimsitiri wakamzika. Alikuwa na shati jeupe lenye alama ya hoteli ndani ya ukosi, na Swaleh alishangaa, kwa sababu ni alama ya hoteli yetu.

Shati hilo nilimpa Godhana Krismasi.

Mwambie mtoto, dada. Kisha yatoe hayo maua nyumbani.

Ndugu yako mwenye huzuni,
Jotham

*

Mombasa, 2 Julai 1957

Dada Asenath, shikamoo.

Wiki nne sijapata jibu. Barua yangu ilifika? Dereva wa lori anasema alimpa mtu wa Wema mkononi. Kama hujamwambia, mwambie leo. Kila siku unayongoja unamfungia mtoto mlango.

Ndugu yako,
Jotham

*

Wema, 16 Julai 1957

Ndugu yangu Jotham,

Salamu za mtu aliyechoka. Nisamehe kwa kukunyamazia.

Barua yako ilifika. Niliisoma nikaiweka ndani ya Biblia, na kila siku nikasema kesho. Nilimwona anakula. Nilimwona anaimba akichota maji. Nikajiambia, mwache, maua yatanyauka yenyewe na yatamwambia kwa niaba yangu. Hayakunyauka. Ilipofika ile barua yako ya pili yalikuwa na miezi miwili, na umande juu yake.

Nikamwita nikamsomea. Hakulia. Akasema, "Mama, tangu lini unabadilisha maji yale?"

Nikamwambia sijayagusa hata siku moja, ila kile kidole. Ni yeye aliyekuwa akiyabadilisha, kama ulivyomfundisha.

Akasema, "Mimi niliacha siku ya kumi tangu barua ya mjomba ifike. Nilichoka. Nikawa nakuta jagi limesuguliwa na mashina yamekatwa mshazari, nikadhani ni wewe, unanificha jambo."

Tukakaa pale wawili, tukilitazama jagi. Hatukuthubutu kulimwaga.

Siku ya tatu tulipata mtumbwi tukashuka na mawaridi hadi Kipini. Bi Mwanahamisi, aliyemshonea Godhana sanda, alitupeleka kaburini. Akatwambia, "Huyu kijana wenu tumemzika mchangani pakavu, lakini kila asubuhi nakuta pamelowa maji matamu ya mto. Namsomea dua, naondoka, kesho pamelowa tena."

Elsie alipiga magoti akayapanga mawaridi moja moja. Kisha akasema kwa sauti, mbele yetu, "Godhana, nimekuona. Umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika, na mimi uniache nipumzike."

Tulipogeuka kuondoka, upepo haukuwapo. Nilisikia kitu kama karatasi zikikunjwa. Nikatazama nyuma mara moja tu, Jotham. Yalikuwa meusi, yote, na petali zimemwagika mchangani.

Elsie hakutazama. Alishika kafi akaanza kupiga kurudi juu, na kabla hatujapita kona ya kwanza ya mto akalia. Alilia njia nzima, kwa sauti, watu wa kingoni wakitoka kutusikiliza. Sikumnyamazisha. Nilimpokea kafi nikapiga mimi.

Dada yako,
Asenath