Kwa Nini Sikumuimbia Papa

Kalemie, mwezi wa tano

Yaya Immaculée, dada yangu mupenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha watoto kila mumoja kwa jina lake, hata yule mudogo niliyemuacha hajaota meno. Muko namna gani huko Moba? Muguu wako umepona? Siku ya mazishi nilikuona unachechemea nyuma ya sanduku, nikataka kukushika mukono, wewe ukaukataa. Sikukasirika. Mimi huku ninakula, ninalala, ninafanya kazi yangu ya useremala. Mbao bado zinatoka Nyunzu siku treni inapotaka kuja. Mvua zimekwisha, lakini ziwa halijarudi mahali pake. Kule chini watu wengi wamehamia kwa ndugu zao, na nyumba zao unaziona zimesimama ndani ya maji, milango wazi.

Karatasi uliyomupa Tantine Mujinga aniletee nimeisoma. Ilikuwa fupi, lakini niliisoma mara nyingi. Unaniuliza mimi ni muntu wa namna gani. Mutoto wa Papa Symphorien, aliyefundisha korali ya parokia mpaka nguvu zikamuisha, anasimama mbele ya sanduku la baba yake, watu wote wanaimba, naye amefunga mudomo sawa muntu anayengoja treni. Unasema wamekuambia kwamba siku hizi ninafuata miziki ya makelele, ile ya vijana wenye nguo nyeusi, na kwamba shetani wa miziki hiyo njo amenikataza hata kupokea simu zako.

Yaya, kwenye ile miziki ninaenda kweli. Basi nitakusimulia jioni moja tu, ya Jumamosi iliyopita, bila kuficha kitu, halafu utaamua mwenyewe.

Dédé unamujua kwa jina. Yeye njo alinipokea nyumbani kwake nilipotoka hospitali mwaka jana. Muchana anachomelea vyuma karibu na bandari, na siku za mapumziko anapiga ngoma ndani ya kundi linaloitwa Radi. Muziki wao wanauita metal. Magitare wanayapitisha kwenye umeme mpaka yanalia sawa bati linalokatwa, ngoma zinakimbia bila kupumua, na muimbaji haimbi sawa sisi tulivyofundishwa, ananguruma. Hao wenzake nilifahamiana nao kwa ajili ya kazi. Walitaka masanduku ya mbao kwa mabafle yao, yale yanayotoa sauti, wakaja kwangu. Niliyatengeneza kwa mbao nzito, nikayaunga vizuri, na siku ya kuyajaribu nikaweka mukono juu yake. Toka siku ile nimekuwa muntu wao.

Jumamosi hiyo tulipakia ngoma kwenye pusupusu, jua likiwa bado juu ya vilima, tukaisukuma mpaka Kitali, kwenye nganda ya Mama Arlette. Usifikiri ni mahali pakubwa. Ni baa ndogo ya vyumba viwili, na nyuma kuna kiwanja cha saruji chenye viti vya plastiki na harufu ya samaki wanaokaangwa. Wazee wawili waliowahi kufanya kazi kwenye reli, wateja wa kila siku, walikuwa wamekwisha kuketi wakingoja rumba. Walipoona ngoma zinashushwa walianza kulalamika. Mama Arlette, mikono kiunoni, akawajibu kwamba rumba haikimbii, itakuwako kesho, na kwamba hawa watoto wanaovaa sawa wachawi wanalipa pombe yao na hawajavunja kiti chake hata kimoja. Mumoja wa wazee alihama. Mwingine alibaki na chupa yake, na Radi walipofika katikati niliona kiatu chake kinapiga chini, taratibu, huku uso wake bado umekasirika.

Mimi nilisimama mahali ninaposimama kila mara, mugongo umegusa bafle. Ndani ya nganda ile, wakati Radi wanapiga, hakuna anayesikia mwenzake. Wote wanasemezana kwa mikono na kwa macho. Anayetaka pombe anainua chupa tupu. Mwenye neno refu analiandika kwenye simu na kumuonyesha jirani. Hapo ninakaa vizuri sana, Yaya. Sehemu nyingine zote za muji huu zinanichosha, lakini pale ninapumzika.

Umeme ulikatika kabla ya wimbo wao wa mwisho. Hakuna aliyeshangaa. Tulibeba tena vitu vyetu, tukashuka mpaka Kataki, kwenye depo moja ya zamani karibu na reli, ambamo zamani waliweka samaki wakavu. Maji ya ziwa yaliingia humo mwaka ule mubaya, na mustari wake bado unaonekana ukutani, juu ya kiuno cha muntu. Vijana wamepanga mbao juu ya matofali ili wasisimame kwenye tope. Jenereta ilikuwa nje, imefungwa kwa munyororo kwenye nguzo.

Waliopiga pale ni watoto wa Kabimba, kundi lao linaitwa Vumbi Nyeupe, kwa sababu kwao vumbi ya simenti inakaa juu ya kila kitu, majani, bati, hata nguo zilizoanikwa. Muimbaji ni musichana, Christelle. Siku za kazi anauza vitenge sokoni, na ukimuona anakunja kitenge chake kwa adabu huwezi kuamini kwamba shingo ile inaweza kukaza mishipa namna ile. Watu tulikuwa wachache, hatukujaza hata nafasi ya korali yako. Lakini waliruka wote pamoja, na mbao za chini zikawa zinaruka nao, na kila pigo la ngoma lilipanda kutoka kwenye nyayo zangu mpaka kwenye meno.

Wimbo wao wa mwisho ni wa kilio. Christelle aliutunga kwa ajili ya kaka yake aliyezama ziwani na ambaye hawakumupata. Dédé aliniandikia namna unavyokwenda: katikati magitare yananyamaza, linabaki gitare moja lenye nyuzi nene, linapiga polepole, na kila mwenye maiti wake anapanda, anashika mikro, anataja jina, anashuka. Na kweli walipanda. Kijana mumoja aliyevaa koti jeusi alitaja jina, akashuka akilia sawa mutoto. Mama Arlette, aliyekuwa amefunga nganda yake akatufuata, naye alipanda na sahani yake ya samaki bado mukononi. Sikujua ana maiti gani. Kisha Christelle akaniangalia mimi.

Nilipanda nikitaka kusema "Symphorien" na kushuka. Niliposhika mikro, jina halikutoka. Ulitoka ule wimbo wa Kitabwa ambao Papa aliutunga tulipomuzika Mama, ule ambao ninyi mulimuimbia yeye mwenyewe huko Moba na mimi nikakaa kimya. Niliimba ubeti wa kwanza, nikaimba wa pili. Mupiga gitare alikuwa ananitafuta kwa nyuzi zake, nikaona vidole vyake vinahama hapa na pale, haninasi. Watu walisimama tu. Nilipomaliza, Christelle alinishika mabega kwa mikono miwili, na baada yangu hakuna aliyepanda tena.

Nje, karibu na reli, nilimuuliza Dédé niliimba namna gani. Yeye hajui kudanganya. Aliandika kwenye simu: "Vibaya sana. Ulikuwa unapanda mahali pa kushuka. Lakini hakuna muntu aliyecheka."

Sasa, Yaya, keti kama umesimama. Mimi sisikii. Si kwamba ninasikia kidogo, wala si kwamba ninajifanya. Masikio yangu mawili yamekufa.

Ule ugonjwa wa mwaka jana niliwaambia ni malaria. Haukuwa malaria. Ulikuwa ule unaokaza shingo na kuingia kichwani, na muganga wa hospitali alisema wengi hawaamki. Mimi niliamka, lakini sikio la kushoto lilikuwa limefungwa. La kulia lilibaki na sauti ndogo, sawa redio ya jirani nyuma ya ukuta. Nikasema itakua. Kumbe ilikuwa inaondoka. Kabla ya Noeli nilikuwa nimeshika nyundo, ninapigilia musumari, na nikaona nyundo inashuka, inapanda, bila kitu. Niliendelea kupigilia musumari ule mpaka mbao ikapasuka.

Wewe ulipopiga simu, niliona jina lako linawaka, nikaishika mukononi mpaka ikaacha kutetemeka. Nilikuandikia maneno mafupi kwamba mutandao ni mubaya, kwamba niko kazini. Ningekuambia nini? Ungemuambia Papa, na Papa alikuwa amekwisha kulala kitandani. Muntu yule alinifundisha kutambua sauti kabla sijajua kusoma. Alikuwa ananigeuza nyuma, anagonga kikombe, anagonga dirisha, anagonga meza, ananiuliza ipi iko juu, ipi iko chini. Sikuweza kumupelekea habari hiyo akiwa anajiandaa kufa.

Na siku ya mazishi sikufunga mudomo kwa kiburi. Niliangalia midomo yenu yote. Nilijua mumefika kwenye neno gani kwa namna wewe unavyoinua kidevu. Lakini unamujua Papa: sauti moja ikipotoka alisimamisha korali nzima, tukarudia mpaka giza. Niliogopa kumufukia na sauti iliyopotoka. Nikaona heri nikae kimya, wanichukie walio hai.

Kule kwa Dédé sauti haiingii kwa masikio. Inapita kwenye mbao, kwenye miguu, inaingia kifuani. Korali hainifikii tena, Yaya, hata nikisimama katikati yenu. Rumba hainifikii. Ni makelele yale tu yanaweza bado kunikuta nilipo. Hakuna shetani pale. Kuna vijana waliochoka, na watu wao waliokufa.

Limebaki jambo moja, na hilo njo limenifanya nikuandikie leo kabla ya boti kuondoka. Miezi yake ya mwisho, mukono wa Papa ulipokuwa unatetemeka na hawezi kushika kalamu, katekista alimushikia simu yake kubwa, Papa akawa anasema na sauti inanifikia mimi hapa. Ninyi hamukujua, nafikiri alitaka iwe kati yetu wawili. Alinitumia sauti hizo mara nyingi. Kila ilipofika nilimujibu kwa maandishi: "Nimesikia, Papa. Asante." Katekista alimusomea, na Papa akatuma nyingine.

Sijui alisema nini, hata neno moja. Nilimupa Dédé anisikilizie. Aliweka simu sikioni, akageukia ukuta, akakaa hivyo muda murefu, halafu akaandika kwamba ni Kitabwa kitupu, haelewi, ila kuna mahali muzee anaimba. Hapa Kalemie watu wanaojua Kitabwa wapo, lakini sikutaka mugeni aingie kati yangu na baba yangu.

Simu yenyewe ninakutumia kwa mukono wa Urbain, yule anayenunua mahindi huko kwenu. Nimeifunga ndani ya kitambaa cha kanisa. Ili ifunguke, andika mwaka aliozaliwa Mama. Usiwe na haraka. Tafuta siku watoto wako shuleni, funga mulango, umusikilize, kisha uniandikie yote kwa mukono wako. Niandikie hata anapokohoa. Niandikie hata kama ananigombeza, hata kama ananiuliza jambo na mimi nikamujibu "nimesikia".

Pale anapoimba usiandike maneno. Andika tu ni wimbo gani. Zote ninazo kichwani, na sauti yake iko humo pamoja nazo; ule nitausikia mwenyewe.

Musalimie shemeji, umuombe anisamehe kwa kutomujibu siku ile kwenye uwanja wa kanisa. Alisema nikiwa nimemupa mugongo. Watoto uwaambie kweli, lakini uwaambie taratibu. Ukipita kwenye kaburi, ng'oa majani kwa upande wangu pia. Ninakuombea muguu, ninakuombea moyo, na ninangoja karatasi yako.

Ni mimi mudogo wako,

Josias