Jiwe la Tano la Mama Keji

Jumanne, 6 Februari

Jenereta imezimika mara tatu kabla ya saa nne. Mara ya tatu biti ya kutobolea ilikuwa bado ndani ya dhahabu. Nimeitukana jenereta, aliyeiunda na aliyeniuzia.

Pete ya Mama Keji inatakiwa kesho. Ni nesi mkuu, anavaa glavu kutwa. Jiwe lililoshikwa na kucha za dhahabu litamchania kila glavu. Anataka mawe yazame, kidole kikipita juu kisikwaruzwe. Yakuti tano nyekundu, kila moja kama punje ya ulezi. Zimetoka kwenye hereni za marehemu mama yake. Ya sita hakuna.

Okello amekaa na pete tangu asubuhi. Mwenzangu huyu ni fundi, sikatai, lakini mwendo wake utaniua. Na mdomo wake. "Sista, wewe napumzika. Mimi iko." Nipumzike nini? Mama tumemzika Januari, nimerudi Juba, kazi ipo. Kila anayeingia mlangoni: pole, pole, pole. Nimechoka na pole. Nimemnyang'anya pete kabla hata hajamaliza, nikafunga jiwe lililobaki. Dakika kumi. Kalas, imekwisha.

Alhamisi, 15 Februari

Gundi! Jamaa mmoja wa hotelini ameniletea pete aliyonunua sijui wapi, mawe matatu, yote yamebandikwa kwa gundi. Kanawa mikono wiki mbili, moja limekwenda na maji. Anauliza kama mimi pia natumia gundi. Mimi! Nusura nimrushie nyundo.

Kuzamisha jiwe si uchawi. Unatoboa shimo dogo kuliko jiwe. Unalipanua kidogo kidogo, unajaribu jiwe, unalitoa kwa kipande cha nta, unapanua tena, hadi uso wa jiwe ulingane na dhahabu. Likicheza umeharibu. Halafu unachukua chuma chenye ncha ya mviringo, unasukuma ukingo wa dhahabu ulale juu ya jiwe. Juu, chini, kulia, kushoto, kwanza hivyo, ili jiwe lisiiname. Ndipo unazunguka. Anayeanza kwa kuzunguka anajidanganya. Jiwe litang'aa kwa wiki mbili tatu, halafu litamwaga siri.

Na kila fundi ana mahali pake pa kumalizia. Pale dhahabu hubaki na kinundu, huwezi kukiona bila lenzi. Changu kiko juu kushoto. Cha Okello kiko chini kulia, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto, anazunguka kinyume changu. Nilimweleza jamaa wa hotelini haya yote. Alikuwa anaangalia simu.

Jumatatu, 26 Februari

Aibu. Aibu tupu.

Mama Keji amekuja na donge la pamba mkononi. Ndani yake jiwe. Limeanguka wodini, ndani ya glavu, akaliona alipoivua. Amesema lingeanguka kwa mgonjwa asingelipata tena. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Okello akachukua lenzi. Akaangalia pete muda mrefu sana. Akaiweka mezani taratibu, akasema, "Hii ni kazi ya mimi, mama. Malesh, samahani."

Damu ikanipanda. Miaka sita mimi na yeye mtaa huu wa Buluk, hakuna jiwe lililowahi kurudi. Pete alikaa nayo kutwa nzima, biti kwa biti, anajifanya mganga, kumbe! Nimemwambia yote mbele ya mteja. Nimemwambia mkono wa kushoto ni wa chooni, si wa dhahabu. Mama Keji akaangalia sakafu. Okello amefungasha vyuma vyake kwenye kitambaa chake cha bluu, akaondoka.

Vizuri. Aende akabandike kwa gundi.

Jumanne, 27 Februari

Hajaja. Simu sijapiga. Sipigi.

Jumatano, 28 Februari

Mama wa chai hapa nje anasema Okello amekata tiketi ya basi la Ijumaa, anarudi kwao Gulu. Ameniambia kama anayenipa habari mbaya. Nikamwambia anipe chai, habari abaki nazo.

Wateja wanne leo, wote wanamuulizia yeye. Hasira hasara, najua. Leo nataka hiyo hasara.

Alhamisi, 29 Februari

Nimekaa kurekebisha pete ya Mama Keji. Nimeweka lenzi.

Jiwe la kwanza, kinundu chini kulia. La pili, chini kulia. La tatu. La nne. Kazi safi, ukingo umelala sawasawa pande zote. Shimo la tano: juu kushoto.

Nimeigeuza pete. Labda nimeishika kichwa chini. Nimesoma herufi za jina zilizochongwa upande wa ndani. Hapana. Juu ni juu.

Shimo limepanuliwa mno, jiwe lilikuwa linacheza tangu siku ya kwanza. Ukingo umezungushwa kwa mkupuo mmoja, hakuna alama ya juu, chini, kulia, kushoto. Kazi ya mtu mwenye haraka. Kazi yangu.

Nikarudi nyuma kwenye daftari hili. Tarehe 6. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu: nimemnyang'anya. Dakika kumi. Na sikumbuki! Wiki ile yote siikumbuki. Nakumbuka jenereta tu.

Nyani haoni kundule. Mama alikuwa ananiambia hivyo tangu nikiwa darasa la pili.

Alijua. Alipoweka lenzi tu, alijua. Nani alimtuma anisitiri? Nina hasira naye hata sasa. Na mimi ni mpumbavu, mpumbavu, mpumbavu.

Ijumaa, 1 Machi

Boda hadi Munuki, anakokaa Okello, kabla jua halijachomoza. Okello alikuwa uani na begi lake, anapiga mswaki. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasema jiwe lile ni kazi yangu. Nikasema lile la mkono wa kushoto lilikuwa neno la kishenzi, na nimelisema mbele za watu, kwa hiyo nitaomba radhi mbele za watu.

Nikamuuliza kwa nini alikubali lawama.

"Wewe ulikuwa natoka kuzika mama. Mimi nitasema nini?"

Akasukutua. Akasema neno lile lilimuuma kuliko viboko vya mwalimu wake wa shule, na yule alimpiga kwa sababu ya mkono huohuo. Nikasimama tu pale, na mwenye nyumba anatutazama.

Basi liliondoka saa moja, nikiwa nimesharudi dukani. Sijui kama alipanda.

Jumamosi, 2 Machi

Okello alikuwa amefungua duka kabla sijafika.

Ameziba shimo kwa dhahabu, akasawazisha, akatoboa upya, dogo. Halafu akanisogezea pete. Nikasema malizia wewe. Akatikisa kichwa.

Nikapanua kidogo, nikajaribu, nikatoa kwa nta. Mara saba. Jiwe likakaa, likakataa kucheza. Juu. Chini. Kulia. Kushoto. Ndipo nikazunguka. Karibu saa nzima. Okello alikaa pembeni, akipanga vyuma vyake mezani.

Mama Keji amekuja saa sita. Nimemwambia, na mama wa chai akiwa pale mlangoni anasikia: jiwe lililoanguka lilikuwa kazi yangu, Okello hana kosa, na lile neno nimelifuta. Akapitisha kidole gumba juu ya mawe, mara mbili. Nikangoja aseme pole.

Akaniuliza, "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Tangu Januari hakuna aliyeniuliza. Nikasema, Nasimiyu. Nikasema tena, Nasimiyu. Halafu sikuweza kunyamaza. Nimelia pale mezani, kichwa kati ya vyuma, kwa sauti, mtu mzima mimi. Mama Keji alinishika bega kwa mkono wenye pete.

Watu wa barabarani wakaanza kusimama. Okello akainuka, akawasha mota ya kung'arishia, ikanguruma kuipita sauti yangu. Hakuwa na kitu cha kung'arisha.