Mwangati wa Salehe

Soga,
Februari 1947

Kwa kaka yangu Mwinyimadi, Msimbu.

Shikamoo kaka. Hujambo wewe, na wifi yangu, na watoto? Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa alfajiri? Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi limetukalia vibaya mwaka huu. Tangu asubuhi naianza barua hii na kuiacha. Nimeinuka nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa, nikarudi. Ukiona mwandiko umeyumba, usidhani naumwa.

Ujumbe wako umenifika. Isihaka alipopita huku na vyungu vyake vya kuuza alinieleza yote: kwamba wazee mmekaa, kwamba Mfaume mwenye duka pale Kisarawe ameleta maneno ya kunioa, kwamba kadhi yu tayari kunisikiliza kwa kuwa mume wangu hajulikani aliko, na kwamba unataka nirudi kabla masika hayajaharibu njia. Akasema pia mlicheka sana mliposikia nimeng'ang'ania Soga kwa ajili ya mti wa kwenye chungu. Sikukasirika, kaka. Lakini acha nikueleze habari za mti huo.

Unakumbuka Salehe alikuwa kibarua wa vitalu vya miti kule Lushoto kabla hajanioa. Alipokuja harusini alileta mche wa mwangati, mti wa milimani, majani yake membamba yanachoma kidogo na yananukia vizuri. Akauweka chumbani, mbali na jua na mbuzi, akatuonyesha mimi na mama yake, Bi Mwanakheri, namna ya kuutunza. Alisema mti huu umezoea ukungu, na ndani ya nyumba yenye jiko utakufa kwa hewa kavu kabla haujafa kwa kiu. Akatandika kokoto kwenye sinia, akatia maji kidogo, chungu akakiweka juu ya kokoto ili maji yasiguse tundu lake, mvuke upande wenyewe. Majani tuyanyunyizie asubuhi. Udongo tuuguse kwa kidole kwanza. Ukiwa na unyevu, tusiumwagie. Haukupita muda akachukuliwa jeshini, akapelekwa Burma. Barua zikaja, kisha zikakoma.

Sasa vita vimekwisha. Wenzake wa Mlandizi wamerudi, wanakaa stesheni na makoti yao wanasimulia. Nimewauliza wote, na kila mmoja alimwona mahali tofauti. Bomani Kisarawe walituambia jina lake halimo kwa waliokufa wala kwa waliorudi. Tangu siku ile mama mkwe hakuuliza mtu tena. Kukicha, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, anakwenda kuutazama mti. Akiukuta wa kijani, anakunywa uji. Hakutamka kwa mdomo wake kwamba uhai wa mti ndio uhai wa mwanawe, lakini mimi naishi naye, najua.

Basi kaskazi hii majani yakaanza kukauka, kuanzia chini kwenda juu. Nikaongeza maji kwenye sinia. Nikatundika magunia mabichi dirishani. Nikahamishia mtungi wa maji chumbani, nikatoa jiko nje, nikawa napika juani. Nilikuwa siwezi kukaa, kaka. Nachambua mchele, nainuka kuutazama. Nipo kisimani, narudi mbio, ndoo haijajaa. Wali umeniungulia mpaka majirani wakanitania. Na majani yanapukutika tu.

Siku moja nimeinama kupanga kokoto, nikasikia udongo unanuka kama dimbwi. Nikatia kidole, kikazama. Adhuhuri ile ile nikamwona mama mkwe anatoka kuswali na birika lake la udhu mkononi, akamimina maji yote yaliyobaki ndani ya chungu. Nikapiga kelele, "Mama, unauua!" Birika likamponyoka. Akaniambia polepole, "Nilisema labda ana kiu."

Hakusema una kiu, kaka. Alisema ana kiu.

Niliona haya kwa kelele zangu. Tukautoa mti pamoja, tukakata mizizi iliyooza, tukaupanda upya kwenye mchanga uliochanganywa na vipande vya mkaa, nikaufunika kwa kanga yangu niliyoilowesha. Mchanga mwingi ukamwagikia sakafuni. Tukangoja. Haukupona. Ijumaa iliyopita aliung'oa mwenyewe, akautupa kwenye kuni. Nilidhani ataanguka. Akanawa mikono, akaniambia, "Salehe ni Salehe, na ule ulikuwa mti. Nimekuweka hapa miaka yote kwa ajili yake, mwanangu. Nenda kwenu ukaolewe ungali kijana." Nguo zangu akazifunga yeye, pamoja na mkate wa kumimina wa kula njiani.

Tukaenda stesheni. Nilikusudia kushuka Pugu nije Kisarawe kwa miguu. Treni ilipoingia, mama alinipungia mkono hata sijapanda, akageuka haraka. Nikamwona ameshika njia isiyo ya kwetu, anaingia kwenye mashamba ya mkonge, hatazami anakokwenda. Nikamkimbilia na furushi kichwani. Treni ikaondoka nyuma yangu.

Sasa nikwambie neno ambalo sijamwambia mtu. Mimi simngoji Salehe. Nilikaa naye muda mfupi mno. Nikifumba macho uso wake hauji, naona kofia ya jeshi tu. Watu wa hapa hunisifu kwa subira, nami nainamisha kichwa kwa sababu si kweli. Alipoondoka aliniacha na mimba, ikaharibika, na nyumbani sikusema. Aliyenikanda mgongo siku zile ni huyu mama. Mwaka wa njaa alikuwa anasema ameshiba ili nile. Ndiye ninayeshindwa kumwacha.

Kwa hiyo, kaka, kwa kadhi nitakwenda, na akinifungua nitashukuru. Salehe akijaliwa kurudi, atanikuta dada yake. Lakini kwa mama yake siondoki. Mfaume kama ananitaka kweli, aje Soga tuonane, wala sitamficha uso. Ila mwambie mapema, asije akasema alidanganywa: nyumba anayokuja kuposa ina wanawake wawili, na hatoki mmoja.

Msomee mama yetu barua hii polepole. Akisema neno, niletee lile lile, hata likiwa kali. Mpe wifi salamu zangu, na watoto wote kwa majina yao. Bi Mwanakheri amesimama mlangoni, anauliza kama nimekufikishieni salamu zake. Haya, pokeeni, anawasalimu nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanahalima binti Jumbe