Jiwe Nililolifuta kwa Kiganja

Ujerumani, Oktoba

Baba mpendwa,

Habari za huko Nairobi, mtaani Jericho? Natumaini barua hii itawakuta wote wazima. Paa la karakana ya Kariobangi limetengenezwa baada ya ile mvua ya El Niño, au bado mnafunika vinyago kwa nailoni? Mimi mwili ni mzima. Kichwani ndiko kuna vurugu. Na wewe dada Mumbua unayemsomea, tafadhali usiruke mistari ukidhani unamlinda.

Baba, uliniuliza mambo mawili: ni kazi gani hii ya almasi isiyoisha, na kama nitarudi Krismasi kushika meza yako ya kuchongea, maana macho yanafifia. Mumbua naye akaongeza lake: "Bro, mtaa mzima unajua uko kwa almasi. Si ukuje na moja, hata kadogo, tuwaonyeshe." Dada, almasi hizi ni za maabara, na kipande chenyewe ni kama punje ya mchele. Hata nikikuletea utakipoteza kwenye ugali.

Nieleze ninavyoelewa, ingawa sielewi vizuri. Almasi ni chembe za kaboni zilizopangwa sawasawa. Mahali fulani chembe moja inakosekana, na jirani yake si kaboni bali nitrojeni. Hiyo ni kasoro, Baba. Gogo la namna hiyo wewe ungelitupa kwenye kuni. Hapa ndiyo inayotafutwa. Wanaimulika kwa mwanga wa kijani, nayo inajibu kwa mwekundu, wala haichoki. Nilimuuliza profesa anayeongoza maabara yetu itatufaa nini. Akasema labda siku moja itatuonyesha yaliyomo ndani ya mwili, labda italeta kompyuta za namna nyingine, kisha akacheka akakiri kwamba hajui. Profesa mzima hajui, na kila asubuhi anakuja kazini na furaha yake. Hilo linanichanganya kuliko jiwe lenyewe.

Sasa sikia nilichofanya. Baada ya kuhangaika muda mrefu tulipata kasoro moja iliyo peke yake. Profesa akanituma nilipeleke jiwe kwenye mashine ya pili. Kabla sijaliweka, mkono ukafanya ulichoufundisha: nikalisugua kwa kiganja kitupu, kama unavyomsugua twiga wa mpingo kabla mteja hajamshika, ili mafuta ya mkono yampe uhai. Kumbe mafuta ya mwili nayo yanang'aa chini ya mwanga ule. Kioo cha mashine kikajaa nuru kila mahali, na kasoro yetu ikapotelea humo.

"Umelishika?" profesa akauliza.

Nikamwambia ndiyo, kwetu kazi humalizwa hivyo. Nilijua nimekwisha. Lakini hakugomba. Tulilichemsha kwenye asidi ili mafuta yatoke, tukaanza kutafuta upya, na ile nukta ilipoonekana tena nililia, sijui kwa nini. Siku hiyohiyo akaniomba nibaki miaka miwili zaidi. Nimeharibu kazi, halafu naombwa nibaki. Mpaka leo sijaelewa.

Nataka kubaki, Baba. Nataka pia kurudi ungali unaniona. Mumbua anaandika kwamba daktari amesema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, ila hawakusema ni lipi la kuachilia. Naamka nimeamua hili, nakula chakula cha mchana nimeamua lile.

Nisalimie shangazi aliye kwenye nyumba za reli kule Muthurwa, mzee wa kanisa aliyeniombea safari, na fundi mwenzako anayekunolea patasi siku hizi. Mwambie ashike meza kwa muda, asiizoee.

Ukimaliza kusikia haya, najua utasema nibaki. Utalisema haraka, kwa sauti kubwa. Kwa hiyo Mumbua, nakuomba: anapolisema, weka barua chini umtazame usoni, kisha uniandikie ulichokiona, si alichokisema. Baba, niwie radhi kwa kukuchungulia mbele yako mwenyewe.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Mutua