Anadhani Nimefunga, Kumbe Sina Kitu

Shangazi Tsonka, nakubusu mkono, na kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, maana sina mwingine wa kumweleza, marafiki zangu wa pale kwa kinyozi wakilisikia hili Plovdiv nzima itajua kabla ya chakula cha mchana.

Mimi ni fundi viatu, nimevuka arobaini, na karakana tuliyokuwa tukifanyia kazi ilifungwa kabla ya Krismasi, tangu hapo naokoteza vibarua, leo kubeba makochi, kesho kupaka rangi uzio wa mtu, mkate sikosi na chumba alichoniachia marehemu mama ninacho, ila mfukoni ni upepo mtupu. Sasa wiki ya Pasaka nikakutana na Nevena, anauza dawa katika duka la dawa karibu na posta, mjane, hana mtoto, ana kicheko cha kukufanya usahau ulichokuwa unasema, na siku ya kwanza nikamwambia twende tukatembee, kwa sababu kutembea ni bure, tukapanda kilima cha Sahat, tukakaa juu ya mwamba ambao bado ulikuwa na joto la mchana tukibangua mbegu za alizeti, mji wote uko chini yetu, na yeye akasema, "Yanko, wanaume wote walionialika walinipeleka mahali pa bei kubwa wakakaa kutazama simu. Wewe ndiye mtu wa ailyak hasa." Unajua wewe neno hilo lilivyo kwetu, mtu wa Plovdiv akikuita wa ailyak amekusifia kuliko kama angekuita tajiri, maana yake huna haraka, hubanwi na kitu, unaufaidi mji jinsi ulivyo. Nikalivaa hilo neno kama koti la kuazima.

Tangu hapo tumeufaidi mji kweli, siwezi kusema uongo, jioni za opera tunakaa juu ya ukuta nyuma ya ukumbi wa kale na sauti zinatufikia safi kabisa, yeye huja na mito miwili ya kukalia, tunatazama chemchemi za bustanini zikicheza na muziki, tunachuma forsadi za mtaani mpaka vidole vinakuwa vya zambarau, na tukikaribia migahawa ya mtaa wa Kapana yeye hunivuta tuvuke barabara, anasema harufu ya nyama ya kuchoma inamchefua, jambo linalonishangaza kidogo kwa sababu siku moja nilimkuta nje ya duka lake anakula kebapche, nyama ya kusaga ya kuchoma, kwa raha zote. Sijawahi kuwa na furaha namna hii, hata nilipokuwa na mshahara.

Shida ilianza aliponiambia, "Leo tukale samaki, nakukirimu mimi." Nikaona akinikirimu leo kesho ni zamu yangu, nikashtuka, mdomo ukatangulia akili, nikasema, "Siwezi, nimefunga. Mfungo wa Mtakatifu Petro."

"Wewe? Umefunga?"

"Tena ule mkali wa watawa," nikasema. "Hata samaki, hata mafuta."

Akanitazama sana. Kesho yake akaja na bakuli la maharage ya kuchemsha yasiyo na tone la mafuta, akasema, "Basi tufunge wote." Na amefunga mpaka leo, wiki ya pili sasa, Shangazi, amekonda usoni, na mimi kila nikimwona anatafuna dengu naona nastahili kupigwa radi.

Ndipo Jumapili kaka yake Kosta akatukuta kilimani, huyo ni dereva wa lori wa Asenovgrad, mdomo wake hauna breki, akasema, "Kumbe huyu ndiye bwana Mawe, anayemkalisha dada yangu juu ya mwamba! Shemeji, Enyovden hiyo inakuja, sikukuu ya mtakatifu wako, siku ya jina lako, mimi na mama tunakuja kukupongeza. Sasa tuambie mapema, utatulisha chakula au utatulisha mandhari?"

Nevena akawahi kusema, "Kosta, koma. Tutakuja huku huku kilimani alfajiri, siku yenyewe si ya kuchuma mitishamba?"

Nilitakiwa kuitikia pale pale. Lakini aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mandhari? Nitaandika meza ambayo mama yako ataisimulia mpaka Krismasi!" Kosta akapiga makofi. Nevena akainama akatazama viatu vyake.

Na siku ya jina, Shangazi, haina mwaliko, mlango ukigongwa unafungua, na anayekirimu ni mwenye jina. Nimefikiria nimwambie kwamba mjomba wangu wa Burgas ameugua ghafla, nizime simu, nirudi mambo yakishapoa. Sina mjomba Burgas. Nikimwambia ukweli atagundua kwamba yule mtu wa ailyak hakuwahi kuwepo, kulikuwa na mtu asiye na kitu aliyekuwa akimzungusha mji mzima ili asione. Nampenda. Nikimkosa huyu sijui kile kilima nitakipanda na nani. Niambie, nikimbie au nifanyeje?

Yanko, fundi asiye na viatu vya kushona

*

Yanko mwanangu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na pale kwenye mfungo wa watawa nimecheka mpaka paka amehama chumba. Nisamehe. Halafu nikasoma tena nikakuonea huruma, kwa sababu kufungiwa karakana si kosa lako, na mtu anayebeba makochi ya watu ili asiombe hana cha kuonea haya mbele yangu wala mbele ya mama mkwe yeyote wa Asenovgrad.

Lakini huyo mjomba wa Burgas tumzike leo hii. Unataka mama wa watu apande basi na shada la maua mkononi, afike mlangoni kwako akute kufuli? Kosta atacheka na kusahau. Mama hatasahau, na Nevena ndiye atakayesimama pale ngazini akikutafutia udhuru. Umemfungisha mwanamke wiki mbili bila sababu, inatosha.

Tuje kwenye hilo koti ulilosema. Mimi niliolewa na mtu wa ailyak, nikaishi naye mpaka mauti yalipomchukua, kwa hiyo usinifundishe. Mimi na marehemu Mityo wangu kuna miaka hatukuwa hata na pazia. Ukimwambia twende mgahawani, anajibu, "Sina hela, twende mtoni," kwa sauti ileile ya mtu anayeomba chumvi. Ndiyo ailyak hiyo. Wewe umekaa juu ya mwamba na moyo unakimbia kama umeiba kuku, unapanga kesho utadanganya nini. Hiyo ni kazi, tena inachosha kuliko makochi. Mji umeufaidi nusu tu, mwanangu, ile nusu ambayo hukuwa unaogopa.

Sasa nisikilize. Leo jioni nenda ukasimame nje ya duka la dawa wakati wanafunga. Usipeleke ua, usipeleke hotuba, na uchumi wa nchi uuache ulipo. Mwambie: "Nevena, sina kazi tangu Krismasi. Sijafunga, sina hela." Basi. Ukishamaliza nyamaza umpe nafasi, hata akikukasirikia kwa hayo maharage, na atakasirika, na ana haki.

Enyovden yako nayo iko mkononi mwako, tena uongo wako mwenyewe umekusaidia: mfungo wenyewe bado unaendelea, nani atakudai nyama? Omba jirani akuonyeshe kukanda mkate, uoke usiku wa kuamkia siku hiyo. Chukua nyanya, vitunguu, chumvi ya viungo ile yetu, maharage, na forsadi mlizochuma, jaza maji ya chemchemi kwenye chupa. Kabla hakujapambazuka wapandishe wote kilimani. Waache walowe umande, wachume mitishamba, mama asuke shada kama alivyosuka akiwa msichana, na jua likichomoza wote mtatulia. Mama wa umri wangu siku hiyo hupongeza watu kwa simu akiwa jikoni. Ni lini mara ya mwisho mtu alimpandisha mlimani kulitazama jua la Enyovden? Kosta akiuliza samaki yuko wapi, mwambie yuko mtoni, na ndoano utamwazima. Meza ya kusimuliwa mpaka Krismasi uliiahidi, na hiyo ndiyo watakayoikumbuka.

Ulisema unaogopa atagundua. Chukua barua yako uisome kama imeandikwa na mtu mwingine. Nani huja na mito miwili ukutani? Nani aliyesema "nakukirimu mimi", na ulipoingiwa na kiwewe akaja na bakuli badala ya maswali? Nani aliyekutafutia njia ya kutokea mbele ya kaka yake, ukaikanyaga kwa majigambo? Alipotazama viatu vyake, hakuwa anakuonea haya wewe. Alikuwa anajiuliza akusaidieje tena.

Na ile harufu ya nyama inayomchefua mtu anayekula kebapche kwa raha zote. Yanko, huyo mwanamke anajua. Amekuwa akivuka barabara kwa ajili yako tangu Pasaka. Leo vuka wewe, umfuate upande alioko.

Shangazi yako Tsonka